Kitalu cha Sitini na Tatu

Lori tupu la magogo lilitutua njia panda ya Sao Hill
nyota zikiwa bado zinatetemeka kwa baridi ya Juni.
Mimi na shemeji yangu, Ezroni Kihwele, mlinzi wa moto,
anayeujua msitu kwa namba kama mwalimu ajuavyo darasa:
hawa ishirini na nane, watukutu, waliungua mwaka wa ukame;
hawa arobaini, wamenyooka, wanangoja msumeno.
Mkobani viazi vya kuchemsha, chumvi ndani ya karatasi,
chupa ya chai iliyokwisha kukata tamaa.

Chini ya mipaina hatua haina sauti.
Sindano zimelala juu ya sindano, miaka juu ya miaka,
unatembea kama mwizi katika nyumba ya mama yako.
Ndege ni wachache. Upepo tu, juu huko,
unapepeta, unapepeta,
ulezi usioisha katika ungo usioonekana.

Mama alipanda huku. Kibarua.
Shimo, mche, kanyaga.
Shimo, mche, kanyaga.
Mimi mgongoni, kichwa kikimgonga kila alipoinama.
Kitalu cha sitini na tatu, alisema, palikuwa na kijito,
tukinawa miguu kabla ya kupanga foleni ya posho.
Miti ilipofika kiunoni kijito kikapunguza maneno.
Ilipotupita vichwa, kikanyamaza.
"Tulikipandia kiu," alisema,
akageuza ugali, hakurudia tena.

Tulivuka mito mitatu.
Wa kwanza una daraja na jina.
Wa pili una gogo tu; Ezroni alilipita
suruali ameikunja kama bwana harusi aogopaye tope.
Wa tatu ulikuwa mawe makavu
na kopo la sadolini lenye kutu.

Kisha mlima. Mlima haukuwa na haraka nasi.
Saa sita, jasho mgongoni, barafu masikioni.
Juu ya mgongo wake Ezroni alipanda kisiki,
akainua simu kama padri ainuavyo kikombe,
ikaingia alama moja ya mtandao, na ujumbe mmoja:
anadaiwa elfu kumi na nane za mbolea.
Akaizima. Mashariki ukungu ulikuwa umefunika kila kitu
ambacho mtu angeweza kudaiwa.

Saa nane na robo tukashuka sitini na tatu.
Hakipo.
Visiki. Visiki mpaka macho yanachoka,
vyeupe, vibichi, vinatoka ulimbo
kama watu waliofumaniwa wakilia.
Nilipiga magoti nikahesabu miviringo ya kimoja:
thelathini na minne. Mmoja ulikuwa mwembamba kuliko uzi.
Niliuwekea kidole. Sikumwambia Ezroni
ni mwaka gani mama alianza kukohoa.

Hapo ndipo niliposikia maji.
Nilidhani Ezroni anakojoa.
Nilipogeuka alikuwa nyuma yangu, anamenya kiazi.

Chini ya matawi yaliyoachwa na wakata miti
kilikuwa kinapita, chembamba kama kamba ya kiatu,
kinajikwaa, kinarudi, kinauliza njia kwa kila jiwe,
kama mtu aliyetoka kifungoni
akakuta mtaa umebadilishwa mageti.
Nilivua viatu. Nikanawa miguu.
Maji yaliuma mpaka kwenye meno.
Hapakuwa na foleni ya kupanga.

"Usikizoee," alisema Ezroni, mdomo umejaa.
Akanionyesha kwa kisu: pembeni, chini ya wavu,
miche katika mifuko myeusi, safu kwa safu,
imesimama wima kama watoto siku ya kwanza ya shule,
inangoja mvua za Novemba.
"Miaka mitano. Sita, ikizidi sana."
Kisha, kwa kuwa ni mtu mwema, aliongeza:
"Lakini sita ni mingi kwa kijito."

Tulirudi gizani, tochi moja, magoti manne mabovu.
Sikumbuki njia. Nakumbuka harufu.
Mafinga, nilisugua kiganja kwa sabuni, kwa majivu,
kwa mafuta ya taa; ulimbo ukagoma.
Asubuhi mtoto wa jirani alinipa mkono, shikamoo,
nikaitikia, na mikono yetu
ikachelewa kuachana.