Sikio la Skaidrīte

Daugavpils, Januari, nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.
Gari letu la kazi linakohoa mara tatu ndipo likubali,
na fundi wangu Skaidrīte Vucāne,
mwenye miaka thelathini na moja ya kulala ubavu chini ya mabomba ya watu,
ananiuliza kabla sijafunga mlango:
"Umebeba vitoa hewa?"

Nimebeba boila jipya, nikamjibu,
la gesi, bado limevaa nailoni yake.
Nimebeba pampu ya kijani inayojihesabia mzunguko.
"Sijakuuliza hayo."

Tukarudi dukani kwa Broņislavs,
ambaye huweka mali yake katika makopo ya peremende:
nati za kubana, washa, viwiko vya shaba,
vali za njia moja zenye ulimi wa springi
(maji hupita; yakijuta, hayarudi),
geji zenye uso wa saa zisizojua saa ngapi,
na mafungu ya katani ya kuvingirisha kwenye hesi,
laini kama nywele za mtoto wa huku.
Akahesabu vitoa hewa kumi na viwili,
kila kimoja si kirefu kuliko kidole gumba,
kisha akaongeza cha kumi na tatu.
"Hicho ni cha kuangukia chini ya kochi."

Nyumba iko nyuma ya reli, matofali mekundu, ghorofa tatu.
Juu kabisa anaishi mzee Zenons
aliyelala na koti na kofia tangu Krismasi.
Fundi wa kwanza alisema: boila dogo.
Fundi wa pili alisema: boila dogo, akataja bei,
na mzee akauza gramafoni.

Skaidrīte hakusema kitu.
Aliegemeza ncha ya bisibisi kwenye bomba,
sikio akalibandika kwenye mpini, akafumba macho.
"Kuna anayesukutua humu ndani."

Tukashuka chini. Akaligonga tangi la kutanukia
kwa kifundo cha kidole, kama anayebisha hodi.
Tangi zima hulia debe juu na kunyamaza chini.
Hili lilinyamaza kote.
Mpira ulishapasuka; limejaa maji pomoni.
"Maji yakipata moto hutaka nafasi," akasema,
"usipoyapa, yatajitafutia."
Na kweli, vali ya usalama ilikuwa ikitema kwenye ndoo ya rangi,
tone, tone, majira yote ya baridi,
na kila Jumatatu jirani mwema alijaza maji mapya,
na maji mapya huja na hewa yake,
mgeni aletaye wageni.

Tangi jipya lilitushika hadi saa nane.
Mikono yangu ilinuka grisi na katani.
Kisha ngazi, rejeta baada ya rejeta,
kufungua kizibo cha zamani, kufunga kitoa hewa,
robo mzunguko, kungoja.
Fssss.
Hewa ya mwaka mzima, yenye harufu ya sarafu,
halafu maji meusi, halafu maji.

"Nani anapiga mluzi?" mzee akauliza kutoka kitandani.
"Nyumbani mwangu hapigwi mluzi. Pesa hukimbia."
"Ndizo hizi, babu," Skaidrīte akamjibu,
kitambaa chini ya kizibo, bila kugeuka.
"Nazisimamisha."

Boila lilirudi na nailoni yake.
Kwenye gari nilikuwa nimelifunga kamba kama maharusi,
nikaona haya kidogo.

Lakini hayo yalikuwa baadaye.
Kwanza kulikuwa na joto kupanda chuma,
ubavu mmoja, kisha wa pili,
na Zenons kuweka kiganja, kukitoa, kukirudisha,
kisha kuvua kofia: nywele zimelala upande mmoja
kama nyasi zilizolaliwa na mbwa.

Na cha kumi na tatu?
Kiliniponyoka nilipokuwa nafunga kisanduku,
kikabingirika mahali pake kilipoahidiwa.
Nikainama; mzee akanizuia.
Alipiga magoti yeye mwenyewe, ameshavua koti,
akaingiza mkono chini ya kochi,
akachukua muda wake.