Picha ya Sikio la Sechelela

Lenzi niliitoa kwenye deki iliyokufa,
deki ya Mzee Chilewa wa Majengo,
aliyeniambia, "Chukua tu, fundi, hata kuku wameikataa."
Ndogo kama punje ya uwele.
Ikidondoka sakafuni unapiga magoti asubuhi nzima,
unapapasa, na wateja wanadhani unasali.

Taa nne za tochi nikazipanga duara,
waya nikazichomea kwa risasi,
vyote nikavifunga ndani ya kifuniko cha chupa
kwa mpira wa baiskeli.
Simu ni yangu. Ina ufa,
ila ufa umeiheshimu kamera.

Lakini ngozi inang'aa.
Hilo sikulijua.
Ukiimulika kwa karibu inakurudishia taa yako mwenyewe,
kama tajiri anayeitikia hodi
bila kufungua mlango.
Wiki mbili nikapiga picha za mwanga mtupu,
mpaka siku nilipobandua utando wa kioo
kwenye kikokotoo kibovu cha dukani kwa Mangi.
Utando ule, ukiukata vipande viwili,
kimoja ukakiweka mbele ya kingine,
ukazungusha robo,
giza linaingia mchana kweupe.
Kipande kwenye taa, kipande kwenye lenzi,
vikapingana kama mashemeji.
Mng'ao ukaondoka.
Ikabaki ngozi.

Nikaazima pikipiki hadi Hombolo.
Zabibu zilikuwa zimeiva, nyuki wamelewa,
na dada yangu Sechelela yumo katikati ya mistari,
kofia pama juu, khanga chini ya kofia,
mikono mirefu hadi kwenye kucha, mkasi mkononi.
Yeye alizaliwa bila rangi ya kulilipa jua,
na jua la Ugogo halikopeshi.
Linadai kila siku, saa nne kamili,
hata siku ya msiba.

"Umenitazama tangu tunanyonya," akasema,
"leo ndiyo umekuja kuniona?"

Nikamwambia atulie.

Nyuma ya sikio palikuwa na kidonda
alichokisingizia waya wa mizabibu.
Waya gani unaokwaruza miezi saba?
Nikabandika kifuniko. Akashusha pumzi. Nikabonyeza.

Kwenye simu, chini ya ufa,
ikatokea nchi nisiyoijua:
kilima kidogo cheupe kama nta,
na juu yake vijito vyekundu, vimegawanyika, vimepinda,
kama makorongo yetu wakati wa mvua
mtu akiyatazama kutoka mlimani.
Ilipendeza. Mungu anisamehe, ilipendeza,
nikatabasamu kabla sijaogopa.

Naomba nieleweke: kidude changu
hakijui jina la ugonjwa wowote.
Gharama yake haifiki kuku wawili.
Kazi yake kutazama, basi.
Muuguzi Ndahani wa zahanati aliikuza picha kwa vidole viwili,
akainyamazia,
akaituma kwa daktari mjini.
Jibu lilifika ugali haujapoa:
*Aje. Wiki ijayo ni mbali.*

Kwenye benchi la hospitali Sechelela hakuvua kofia,
ingawa paa lilikuwepo.
Tulingoja. Mtoto mmoja akalia, akachoka, akalala.
Ndipo akaninyang'anya kidude,
akakibandika kwenye kidole gumba changu
bila kuniuliza.

Matuta, kama shamba lililolimwa na mtu mwenye haraka.
Kovu la risasi. Kovu jingine, la zamani zaidi.
Na pembeni ya ukucha doa jeusi
ambalo, wallahi, sikuwahi kuliona.

Hakucheka. Alizungusha robo, akarudisha,
akatazama tena.
Mlango ukafunguliwa, jina lake likaitwa.
Akasimama, akanishika ule mkono,
akamwambia daktari:
"Tumekuja wawili."