Kutia Chumvi

Kalina aliniambia kwa simu:
ule ushibe, ulale, unywe maji,
pombe usiiguse tangu jana yake,
vaa nguo yenye mkono mpana.
Akauliza umri. Sitini na mitatu.
Kimya kidogo, kisha: basi upake mafuta,
ngozi isikauke.

Wiki nzima nimeupaka mkono wa kushoto
kama mtu anayelainisha kiatu cha marehemu.
Jagoda, binti yangu, amecheka hadi kukohoa:
Mama, wewe unayezimia ukipimwa damu!
Na jirani wa ghorofa ya nne: karibu na kifundo ni moto,
mpwa wangu alilia, alitapika,
akaondoka na nusu ya tai.

Leo nimekunywa supu chachu, mayai mawili ndani,
mkate, kisha mkate tena.
Nimepanda basi la waya hadi upande wa pili wa Gdynia,
theluji imeoza kandokando ya barabara,
na mfukoni, ndani ya bahasha, ndani ya plastiki,
kile kikaratasi
kilichokaa mlangoni mwa friji miaka miwili:

*Chumvi. Viberiti. Narudi saa kumi.*

Mwandiko wa Irek, umeinama kama watu wanaokabili upepo.
Alitoka kwenda kutengeneza baiskeli ya mtu.
Saa kumi ilifika peke yake.

Kalina, glavu nyeusi, ananyoa malaika mkononi mwangu.
Tuandike *Narudi*, sivyo? anauliza kwa upole.
Watu huchagua neno kama hilo.
Hapana. Chumvi.
Ahadi sikumwomba. Chumvi aliniagiza,
nikanunua kilo nzima, ipo bado.
Kwa lugha yetu ni herufi tatu,
ya kati huvaa kijiti kichwani.
Irek alikisahau siku zote.
Nikiweke?
Usikiweke.

Mashine inalia kama nzi ndani ya chupa.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga;
mimi nimevua mkono mmoja tu wa sweta,
lakini kuoga ni kuoga.
Mstari wa kwanza: paka anakwaruza.
Wa pili: paka yuleyule, palepale alipokwaruza.
Pale penye mfupa nafumba macho.

Miaka ishirini na sita niliendesha kreni yadi ya meli,
kibandani juu, chupa ya chai katikati ya miguu,
tani kumi za chuma zikining'inia chini yangu.
Pumzi haifungiwi. Mzigo hushuka na pumzi inayotoka.
Nashusha.
Nashusha.
Bamba linapata mahali pake.
Tena.

Kwenye herufi ya pili, ile ya mviringo,
kreni imenishinda.
Nimetukana tusi la bandarini
ambalo Jagoda hajawahi kulisikia.
Kalina ameinua sindano, amenipa pipi ya ndimu.
Ni mkono?
Si mkono, nimesema.
Kisha, baada ya pipi kuyeyuka: na mkono pia.

Dakika kumi na tisa, na nilijiandaa kama wa kujifungua.
Usiloweke, usikune, ukibanduka ukoko uache.
Nimeitikia kila neno bila kusikia;
nilikuwa natazama ngozi iliyovimba pembeni mwa wino,
nyekundu, yenye hasira, iliyo hai.

Jirani alikuwa ananisubiri ngazini.
Iliuma?
Kidogo. Mpwa wako aliitia chumvi.
Amevaa miwani, amesoma kupitia plastiki.
Bila kile kijiti, neno husomeka kama nota ya muziki.
Kumbe unaimba! amesema.
Sikumsahihisha.

Nimeingia ndani, nimebandika viazi jikoni,
nimeupekua mfuko wa kilo kwa mkono wa kulia,
wa kushoto ukipwita,
nikatia.