Mahali pa Kusimama

Asubuhi ya kwanza nilipanda kichuguu nje ya Pongwe,
jua mgongoni, kama nilivyofundishwa,
kamera ya kuazima shingoni, mkanda wake kamba ya kiatu.
Saa moja na robo kiberenge kikaja,
kijani kilichochujuka, pua butu,
nyuma yake mabehewa manne ya mkonge
yakiyumba kama walevi wanaojuana.
Nikabonyeza.
Nguzo ya simu ikaingia katikati ya picha,
mgeni asiyealikwa aliyekaa mbele ya bibi harusi.

Asubuhi ya pili nikahamia kwenye kalvati.
Hapa pana maji, nikajiambia, nitapata viberenge viwili,
kimoja cha chuma, kimoja cha kutikisika.
Sikujua kwamba Jumanne kambi nzima hufua pale.
Povu tupu.
Na mmoja wao, kanga kiunoni, akasema:
"Kaka, unapiga picha nguo zetu?"
"Napiga kiberenge."
"Kile cha korona?"
Wakacheka mpaka ndoo ikapinduka.
"Kile kinatuamsha watoto. Kina uzuri gani?"

Nilikuwa na daftari. Nimeandika humo:

Daraja la magogo, saa kumi na mbili na nusu. Umande. Vaa buti.
Kona ya mikaratusi, mwanga mzuri, siafu.
Shamba namba tisa, mlingoti wa mkonge umesimama pabaya.
Usimwombe mtu aukate.
Umengoja miaka kumi kuchanua mara moja.
Paa la choo cha kambi ya zamani,
pazuri kuliko pote.
Usirudi.

Siku ya nne nikagundua kitu.
Karibu na jiwe la kilomita ya pili,
Nasoro Kilua, dereva, hupunguza mwendo,
hutoa mkono dirishani, hupiga honi mara mbili.
Pale hapana kitu. Kichaka, na msingi wa nyumba uliobaki matofali matatu.
Nikajitungia hadithi yote njiani nikirudi,
mama, mlango, sahani iliyofunikwa kawa.
Kesho yake nikamuuliza.
"Mataruma yameoza," akasema. "Nikienda mbio tunalala mtaroni."
Na honi?
Akafuta mikono kwa tambara, akafuta tena.
"Honi ni honi."

Fidea, anayevuta kamba ya kizuizi barabarani,
alikuwa akimenya muhogo, hakuinua uso.
"Juzi mashariki, jana magharibi. Unakizunguka kama kuku mwenye mdondo.
Kwani nauli shilingi ngapi?"
Nauli haikuwepo. Nikaambiwa nipande tu,
nikae juu ya gunia la singa, nisiguse breki.

Mahali, katika lugha yetu, pana milango mitatu:
hapa, huku, humu.
Wiki nzima nilikuwa nimebisha miwili.

Humo ndani hamna picha.
Mna dizeli, na mtikisiko unaopanda kwa meno,
na redio ya Nasoro iliyofungwa kwa waya, inayoshika stesheni
kwenye miteremko tu.
Kwenye kalvati wanawake wakapunga mikono,
wale wale,
na sikujua kama wananipungia mimi au wanakipungia kile wasichokiona uzuri.
Kwenye jiwe la pili Nasoro akapiga honi mara mbili.
Sikugeuka kumtazama.

Tukirudi, saa kumi na moja jioni, jua limeinama upande wa pili,
nikakiona kichuguu changu.
Majani yamelala chini yake,
umbo la mtu aliyesimama muda mrefu,
na mtu hayupo.
Filamu ilikuwa imebaki picha moja.

Ninayo bado. Nikiwaonyesha watu huuliza, kiberenge kiko wapi?
Hakimo.
Kuna kichuguu, majani yaliyolala,
na juu yake kivuli kirefu chenye pua butu,
na dirishani mwa kivuli, kidogo,
kiwiko changu.