Kifungu cha Mkate

Miaka sita viberenge vya Kilima cha Kwale vililala,
kimoja juu, kimoja chini,
kama mume na mke walionuniana
na bado wameshikana kwa waya mmoja wenye kutu.
Valparaíso yote ikapanda kwa miguu.
Ngazi mia mbili na kumi na nne:
nazijua, nimezihesabu na mtungi wa gesi begani.

Halmashauri ikasema: reli ni yetu, fedha hatuna.
Kampuni ikasema: fedha tunazo, reli hatuna.
Wakaposana.
Posa ikasomwa kwenye ukumbi wa klabu ya mpira,
kurasa tisini na moja, ndoa ya miaka thelathini,
na biskuti kwenye sahani za karatasi.

Nilikaa nyuma, mimi Nélida,
niliyekata tiketi miaka ishirini na miwili
katika kibanda chenye upana wa kabati.
Neno langu la kwanza halikuwa na uzito:
niliuliza viberenge vitapakwa rangi gani.
Watu wakacheka. Mhandisi Iturra,
kijana wa viatu visivyolijua tope,
aliandika "rangi" akapiga mstari chini yake.

Ndipo akasimama Eleuterio, fundi bomba.
"Na nauli?"
"Nauli itafuata soko."
"Soko," akasema, "halina goti bovu."

Kimya. Sahani ya biskuti ikasukumwa mbele.
Wapiganapo fahali wawili, tunajua, ziumiazo ni nyasi.
Lakini hakuna aliyetufunza
nyasi hufanywa nini fahali wakioana.

Nikanyoosha mkono tena. Sikuwa nimepanga.
Nikasema: andikeni,
nauli ya kupanda isizidi bei ya mkate mmoja.
Mwanasheria akavua miwani. "Mkate gani?"
"Wa Hortensia, pale konani. Wa alfajiri,
si ule wa jana anaouza nusu bei."

Tulibishana hadi saa tano usiku.
Je, ngano ikipanda? Je, Hortensia akifa?
Hortensia, aliyekuwapo, akajibu kwamba hana nia hiyo.
Mwishowe wakaandika, kifungu cha kumi na saba:
"mkate wa kawaida wa mtaani."
Amenuna mpaka leo kwa hilo neno "kawaida".

Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa mara mbili,
kwanza na Halmashauri, kisha na Kampuni,
kila mmoja na mkasi wake na mpiga picha wake.
Viberenge vikaguna, vikaondoka,
vikakwama katikati.

Tulining'inia dakika kumi na nane:
muuguzi anayekimbilia zamu,
mtoto na tarumbeta lake,
mimi, na paka ambaye hatukujua ni wa nani.
Chini simu zilikuwa zikipigana.
Waya ni wenu. Umeme ni wenu.
Fyuzi iliyoungua haikuwa ya mtu yeyote,
kurasa zote tisini na moja zilikuwa zimeisahau.
Eleuterio akapanda zile ngazi na koleo mfukoni,
goti likilia kama bawaba,
akaweka fyuzi yake mwenyewe, ya nyumbani.
Usiku ule alilala gizani. Asubuhi
Iturra alimpelekea mpya, kwa miguu, viatu vina tope.

Sasa vinakwenda.
Kimoja hakipandi mpaka kingine kishuke,
na katikati, kwa muda wa kupepesa jicho,
vinakuwa sawasawa, dirisha kwa dirisha,
na abiria wa huku humwona wa kule
kabla kila mmoja hajaenda zake.

Sisemi wametupenda. Taa za ngazi bado mbovu,
na rangi niliyoiuliza haijafika.
Ila kila Jumatatu, kabla jua halijatoka,
kijana mwenye kitambulisho cha Kampuni kifuani
hupanga foleni pamoja nasi kwa Hortensia,
husoma bei iliyoandikwa kwa chaki,
hununua mkate mmoja,
huomba risiti.