Robo Kidonge

Mama yake ameshatia dole gumba.
Wino wa zambarau, ukurasa wa sita,
na nauli ya kurudi Kiwira, shilingi elfu kumi,
ameikunja mara nne katika pindo la kitenge
kabla sijauliza, "Una swali?"

Hakuwa na swali.
Mvua ya Tukuyu iliuliza kwa niaba yake, juu ya bati,
bila kuvuta pumzi.

Amebaki Gwamaka. Miaka tisa,
sweta la shule limefumuka kiwikoni,
matope ya njia ya migombani yamemkauka vifundoni.
Mwongozo unasema: kuanzia miaka saba, muulize.
Muulize kwa maneno anayoyajua. Msubiri.

Nikamweleza: tunatafuta kipimo cha watoto
cha dawa ya kuzuia lile anguko
lililomtupa kwenye mafiga
na kumwachia kiganja kisichokunjuka.
Tutatoa damu, kijiko kimoja, mara nne.

"Itaenda wapi?"
Kwenye friji, Mbeya. Kisha itapanda ndege.
"Mimi sijapanda ndege."
Akafikiri.
"Itarudi?"

Fomu hii nimeisoma mara mia mbili na ushee.
Kifungu cha kumi na moja kinataja barafu,
miaka kumi na mitano, namba mahali pa jina.
Hakitaji kurudi.
"Hapana," nikasema. "Hairudi."

Mdogo wangu Ambokile naye alikuwa anaanguka.
Kidonge kilikuwa cha watu wazima;
mama alikikata kwa kisu cha viazi,
nusu, halafu robo, unga ukibaki ubaoni,
na robo hazikulingana hata siku moja.
Hakuna aliyekuwa amepima.
Hakuna mtoto aliyekuwa ameulizwa.
Kuna siku alilala mpaka jioni ya pili.
Kuna siku robo haikufika popote.
Kaburi lake linapakana na chai ya jirani.

Hayo sikumwambia Gwamaka.
Angekubali,
na ndiyo yake ingekuwa ya Ambokile.

"Nikikataa, mama atarudisha hela?"
"Harudishi."
Mama akageukia dirisha. Vidole vikalitafuta pindo.

Nje, kwenye benchi, wako kumi na wanane.
Msimamizi amechungulia mara mbili, akigonga saa.
Visanduku ni viwili, vidogo, sawasawa.
Nimeisogeza kalamu, iwe mbali na mkono wangu
kuliko ilivyo mbali na wake.

Mwongozo unasema msubiri.
Haukusema mpaka lini.