Kipimo cha Mkono

Fundi Misana ana daftari la jalada jeusi,
la penseli na inchi, la tangu noti ya shilingi kumi
ilipokuwa na kazi.
Mimi nimo humo mara nne.

*Holo Lusangija, sare ya shule. Mkono: tisa na nusu.*
Nilikuwa na miaka kumi na sita, mikono kama miwiko.
Kutoka bombani hadi kwetu Mabatini juu
mawe mia mbili na kumi na moja; niliyahesabu kwa nyayo,
ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika mdomo.
Kwenye jiwe lililokaa kama chura
nilibadilisha mkono.
Sikujua kuna kitu najenga.
Nilidhani nateka maji.

*Blauzi ya kitenge. Kumi na tatu na robo.*
Akapima mara mbili, akanitazama juu ya miwani:
“Huko Igombe mnakula nini?”
Ugali, fundi. Na dagaa, ila hao zaidi tunawabeba.
Mitumbwi ikifika kabla ya jua tunaingia maji ya kiuno,
karai begani, maji ya dagaa yanachirizika
hadi kwapani.
Mchana kugeuza, jioni kukusanya,
kisha gunia kwenye Fuso, mimi na Kwangu:
moja, mbili, haya!
Wifi akanong'ona, “Mshonee mikono mirefu,
asionekane kuli.”
Nikasikia.
Nikaomba mifupi.

*Gauni la msiba. Kumi na moja.*
Miaka hamsini na mmoja. Nina duka, nina kiti,
nina joto la usiku linalonitoa kitandani.
Nikipunga, nyama ya chini inapunga baada yangu.
Chupa ya mafuta nampa mjukuu anifungulie.
Bega la kulia likagoma kufika kwenye kamba ya nguo,
nikaenda Bugando.
Binti wa mazoezi ya viungo, Nyanjige, akanishika kiwiko:
“Mwili hautoi kiinua mgongo, mama.
Ulichobeba Igombe kimeshaliwa.”

Nikarudi na hasira. Nikajaza mchanga
chupa mbili, nusu nusu.
Na nyuma ya nyumba kuna jiwe, lilikuwepo kabla ya babu;
kila asubuhi naliwekea viganja, nasukuma,
kifua kinakwenda, kinarudi. Mara nane. Mara kumi.
Mbuke wa jirani akachungulia:
“Unalihamishia Bwiru?”
Mwezi wa tatu akaja, kanga kiunoni,
akachukua upande wenye kivuli.
Mama yangu ana themanini na nne, jiwe halimhusu.
Yeye hushika mikono ya kiti, anajisukuma hadi asimame,
imo, ibili, idatu,
na kwa ya tano
anamtukana Nyanjige ambaye hajawahi kumwona.

Jana, mara ya nne.
Fundi anaisogeza tepu hadi kwenye kope.
*Kumi na moja na robo tatu.*
Sikurudi kumi na tatu, wala sijidanganyi;
lakini kamba ya nguo naifikia,
na chupa za mchanga zimejaa.
Wande, mjukuu, akatoa mkono wake naye:
tisa kasoro. Kwao maji yako jikoni.
Jumapili alilijaribu jiwe, akalalamika
linakwaruza viganja.
Nikamkunjia kanga. Akafika sita.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya Kirumba, fundi anafunga.
Kijana wake amekwenda Geita kutafuta dhahabu;
cherehani imebaki barazani, nzito, ya chuma,
na fundi anaizunguka kama mtu aliyesahau neno.
Nikainama, nikakunja magoti,
nikaikumbatia.
Bega likalia kidogo, likanyamaza.
Nikavuka nayo kizingiti, nikaiweka mezani
polepole, kama ndoo iliyojaa pomoni.

Hakusema kitu. Akalaza penseli juu ya daftari.

Nimefika njiani, kwenye jiwe la chura,
ndipo nikakumbuka sikumwambia:
mikono mifupi.